A, S au P? JPEG au RAW? Anza na kosa lisilorekebika

Picha iliyotikisika haina dawa. Picha iliyoingia giza kidogo, au iliyogeuka njano kwa sababu ya taa za ndani, mara nyingi inayo, na nguvu ya dawa hiyo inategemea aina ya faili uliyohifadhi: JPEG, yaani picha ambayo kamera imeshaikamilisha, au RAW, yaani data ghafi kutoka kwenye kihisi kinachopokea mwanga. Ndiyo maana mimi huanzia hapo ninapochagua modi ya kamera na ubora wa picha: katika picha ninayotaka kupiga sasa hivi, ni kosa gani likitokea sitaweza kulirekebisha baadaye? Suala la modi na suala la faili hufundishwa kila moja kivyake, kana kwamba hayajuani. Yanajuana sana.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mwangaza wa picha unatokana na vitu vitatu: upana wa tundu la lenzi (apacha), muda ambao shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) inabaki wazi, na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliyoupokea. Stopu moja ni kuuongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu. Ukitoka f/4 kwenda f/2.8 umeongeza stopu moja. Ukitoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/500 umepunguza stopu moja. ISO 400 kwenda 800, umeongeza moja. Namba ya f ikiwa ndogo tundu huwa kubwa, jambo linalowachanganya wengi mwanzoni, na hakuna namna ila kulizoea.

Katika modi za nusu-otomatiki wewe unashika kitu kimoja na kamera inapanga kingine. Kwenye A unashika apacha, kamera inatafuta kasi ya shata. Kwenye S unashika kasi ya shata, kamera inatafuta apacha. Kwenye P kamera inapanga vyote viwili, lakini unaweza kuzungusha gurudumu ukabadilisha mchanganyiko bila kubadilisha mwangaza. Nikon na Sony huandika A na S, Canon na Pentax huandika Av na Tv. Ni vitu vilevile. Wala havikuzaliwa na kamera za kidijitali: Minolta XD ya mwaka 1977 ilikuwa kamera ya filamu yenye A na S kwa pamoja, na Canon A-1 ya 1978 ikaja na P juu yake.

Tukio moja kwa modi tatu

Mtoto anakimbia kwenye kivuli cha mti. Kipima mwanga cha kamera kinasema f/4, 1/250 na ISO 400 vinatosha. Mwangaza huohuo unapatikana kwa f/2.8 na 1/500, au f/5.6 na 1/125, au f/8 na 1/60. Kwa hesabu ya mwanga picha zote nne ziko sawa. Kwa macho ya mtazamaji hazifanani hata kidogo.

Ukiwa kwenye P, kamera nyingi zitachagua kitu cha katikati, tuseme f/5.6 na 1/125. Mikono na miguu ya mtoto itaacha alama ya kutikisika. Kamera haina kosa: haijui kama unapiga mtoto anayekimbia au gogo. Ukizungusha gurudumu hadi 1/500 utapata ulichotaka, ila ukiiacha kamera ikalala kidogo, au ukiizima na kuiwasha, mara nyingi mabadiliko hayo hupotea na unarudi mwanzo.

Ukiwa kwenye A na ukaweka f/2.8, shata itakuwa 1/500. Mtoto anaganda hewani, nyuma yake panapata ukungu. Safi. Lakini 1/500 hiyo ni bahati tu ya mwanga uliopo. Mtoto akikimbilia ndani ya nyumba, kamera itashusha shata hadi 1/30 bila kukuuliza, kwa sababu wewe uliiambia apacha isiguswe.

Ukiwa kwenye S na ukaweka 1/500, kasi haitateleza. Swali linahamia kwenye lenzi. Kama inafika f/2.8, sawa. Kama ni lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ambayo ukivuta mbali inafunguka mwisho f/5.6, utakuwa umepungukiwa stopu mbili. Namba ya apacha itaanza kuwakawaka kwenye kioo kukuonya, na ukibonyeza hivyohivyo picha itatoka giza.

Sasa rudi kwenye swali la kwanza. Picha ya P imetikisika: haiponi, hata iwe RAW. Picha ya S yenye giza la stopu mbili: kama ni RAW unaipandisha kwenye kompyuta, zitajitokeza chenga (vidoa vidogovidogo) kwenye sehemu za giza, lakini mtoto yupo na uso wake unaonekana. Kama ni JPEG, utaipandisha pia, ila ngozi itaanza kuwa na mabaka na kivuli kitapoteza rangi. Kwa picha hii, S iliyokosea ni afadhali kuliko P iliyopatia.

A: modi ya kila siku

Kwa picha nyingi ambazo mtu wa kawaida anapiga, kitu kinachobadilisha sura ya picha ni kina cha fokasi, yaani kiasi gani mbele na nyuma ya mlengwa kinaonekana bila ukungu. Hicho kinaamuliwa na apacha, na ndiyo maana A inapendwa. Chukua lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), mtu amesimama mita 2 kutoka kwako. Kwa f/1.8 kina hicho ni kama sentimita 6 tu: jicho moja liko wazi, sikio limeshaingia ukungu. Kwa f/4 unapata kama sentimita 13. Kwa f/8, karibu 27. Watu wakipangwa safu mbili, f/1.8 itakupa safu moja ya watu na nyingine ya vivuli, na kosa hilo nalo liko kwenye kundi la yasiyorekebika.

A ina mitego miwili. Wa kwanza ni huo wa shata kushuka kimyakimya jua linapozama. Wa pili hutokea mchana kweupe. Kwenye jua kali, ISO 100, mwangaza sahihi ni takriban f/16 na 1/100. Ukifungua lenzi hadi f/1.8 utahitaji kama 1/8000, na kamera nyingi za bei nafuu huishia 1/4000. Hapo picha inaungua stopu nzima. Sehemu nyeupe zilizoungua kabisa hazirudi, RAW au si RAW. Funga tundu hadi f/2.8 na tatizo linaisha.

Mtego wa kwanza una dawa nzuri kuliko zote zilizowahi kuingizwa kwenye menyu ya kamera: ISO otomatiki yenye kiwango cha chini cha kasi ya shata. Unaiambia kamera, "Usishuke chini ya 1/250. Mwanga ukipungua, pandisha ISO." Unaweka pia ukomo wa ISO, tuseme 6400. Mwanga ukipungua zaidi ya hapo ndipo kamera itaanza kushusha shata. Ukipanga hivyo, A inafanya kazi ya S na bado apacha iko mkononi mwako. Nashangaa ni kwa nini watengenezaji wengi wanaificha chini kabisa kwenye kurasa za menyu.

S: pale mwendo ndio habari

S inashinda A pale ambapo mwendo wenyewe ndio unaopigwa. Mtu anayetembea anaganda kwa 1/250. Anayekimbia, 1/500. Michezo ya kasi inataka 1/1000, na ndege wanaoruka ni salama zaidi kwenye 1/2000. Ukitaka kinyume chake, yaani mwendo uonekane, S bado ndiyo yako: kumfuata mwendesha baiskeli kwa kamera ukiwa kwenye 1/30 au 1/60 kunamwacha yeye wazi na kuivuta mandhari kuwa mistari.

Maji ya maporomoko yanayoonekana kama hariri yanahitaji nusu sekunde au zaidi, na hapo S inagonga mwamba kwenye jua. Hata ukifunga lenzi hadi f/22 kwa ISO 100, jua kali linadai kama 1/50. Nusu sekunde ni zaidi ya stopu nne za ziada. Kamera itawakisha namba ya f/22 ikikuomba msaada, na msaada ni kichujio cha giza mbele ya lenzi, au kusubiri jioni.

Kuna sababu nyingine ya kutumia S ambayo haizungumzwi sana. Taa nyingi za umeme huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye nchi zenye umeme wa hezi 50, na mara 120 kwenye zile za hezi 60. Jicho halioni, shata ya 1/500 inaona. Picha moja inatoka angavu, inayofuata giza, nyingine ina mistari. Ukishika 1/100 (au 1/50) kwenye hezi 50, kila picha inapata mzunguko kamili. A haiwezi kukuhakikishia hilo.

P si modi ya wavivu

Kuna watu wanaoona aibu kuonekana na P. Sioni kwa nini. Ukiwa unapita mahali, hujui kitakachotokea sekunde inayofuata, na kina cha fokasi hakikusumbui, P inakupa picha. Tofauti yake na otomatiki kamili ni kubwa: kwenye P bado unaamua ISO, mizani ya weupe (kusawazisha rangi ya taa), fidia ya mwanga (kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwangaza) na RAW, wakati otomatiki kamili hukunyima vingi kati ya hivyo.

P ina faida nyingine ukitumia flashi ndani ya nyumba. Kwenye Canon, Av huupima mwanga wa chumba na kuweka shata ya kuutosheleza, hata ikishuka hadi sehemu kubwa ya sekunde, huku flashi ikijaza tu mbele. Matokeo yake ni uso uliomulikwa vizuri na mkia wa ukungu nyuma yake. P huweka kasi ambayo mkono unaweza kuihimili. Nikon ina kinga yake: kwenye A na P, kwa mpangilio wa kiwandani, flashi ikiwaka shata haishuki chini ya 1/60.

Fidia ya mwanga ni muhimu kuliko modi uliyochagua

Kipima mwanga cha kamera kinaamini kwamba ulimwengu kwa wastani ni wa kijivu cha kati. Kionyeshe bibi harusi mwenye gauni jeupe aliyejaza fremu, kitamtia kijivu. Kionyeshe paka mweusi, kitamfanya kijivu pia na kuunguza kila kilicho nyuma yake. Kwa hiyo kwenye weupe mwingi unaongeza, +1 au zaidi. Kwenye weusi mwingi unapunguza, −1. Hilo linafanya kazi kwenye A, S na P, tofauti ni mahali kamera inapochukua mwanga huo. Kwenye A inabadilisha shata, kwenye S inabadilisha apacha, kwenye P inagusa vyote. Ukiwa na ISO otomatiki, mara nyingi kinachosogea ni ISO.

Angalia basi kinachosogea. Ukiongeza +1 kwenye A bila ISO otomatiki, shata yako ya 1/250 imekuwa 1/125, na umejirudisha kwenye kutikisika bila kujua.

JPEG na RAW: kipi kinabaki wazi kwa marekebisho

JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi nyeupe. RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Wingi huo hauonekani unapoitazama picha kama ilivyo. Unaonekana pale unapoivuta: unapoinua vivuli, unaposhusha anga, unapobadilisha rangi ya taa. JPEG yenye anga ya bluu laini ikivutwa sana hugawanyika kuwa mikanda. RAW inavumilia.

Jambo la pili ni mizani ya weupe. Taa ya balbu ya zamani ina joto la rangi la karibu kelvini 2,800, mchana wa jua ni kama 5,500, na kivulini inaweza kufika 7,000 au zaidi. Kwenye JPEG kamera imeshaamua na kuipika ndani ya picha. Unaweza kuisogeza kidogo, lakini uso uliopigwa na njano nzito haurudi kwenye rangi ya ngozi kwa uaminifu. Kwenye RAW mizani ni noti tu iliyoambatishwa kwenye faili, na unaibadilisha kama vile ungeipanga siku ile ya kupiga.

Hivyo orodha ya yanayorekebika kwenye RAW ni ndefu: mizani ya weupe, giza la stopu moja hadi mbili, mtindo wa picha, kiasi cha kunoa na cha kufuta chenga. Yasiyorekebika ni fokasi iliyokosea, kutikisika, kina cha fokasi, na weupe uliopitiliza uwezo wa kihisi. Ukilitazama kundi hilo la pili utaona kwamba karibu lote linaamuliwa na apacha na shata. Ndiyo maana nasema modi na faili vinajuana. Modi inalinda kile ambacho RAW haiwezi kukirudisha.

Na JPEG je? Inapendeza pale mwanga ulipotulia na picha zinahitajika haraka. Kamera za leo zinapika JPEG nzuri mno, na anayetengeneza RAW mia tatu baada ya sherehe huku hajui vizuri programu yake atatoa picha mbaya kuliko ambazo kamera ingempa bure. Faili nazo zinatofautiana: kwa kamera ya megapikseli 24, RAW iliyobanwa bila kupoteza kitu huwa karibu MB 25 hadi 30, JPEG ya ubora wa juu huwa kama MB 8 hadi 12. Ukipiga mfululizo, kumbukumbu ya ndani ya kamera hujaa upesi zaidi kwa RAW na kamera inasimama kupumua, pengine katikati ya goli.

Kuhifadhi vyote viwili, RAW+JPEG, kunaonekana kama jibu la busara. Kwa mwanafunzi ni zuri kweli, kwa sababu anaona kamera ilivyoamua na anaweza kujaribu kuishinda. Kwa michezo ni mzigo mtupu.

Tahadhari moja kwa wanaotegemea histogramu (grafu ya mgawanyo wa giza na mwanga kwenye picha): ile inayoonekana kwenye kioo cha kamera huchorwa kutokana na JPEG, hata ukiwa unapiga RAW pekee. Mtindo wa picha wenye rangi kali utakuonyesha weupe umeungua wakati kwenye RAW bado upo. Weka mtindo tulivu usiozidisha rangi, na histogramu itasema ukweli ulio karibu zaidi.

Ukubwa, mbano na nafasi ya rangi

Ukichagua JPEG, menyu itakuuliza mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukubwa (L, M, S), ambao ni idadi ya pikseli, na mbano, ambao ni kiasi cha data kinachotupwa. Megapikseli 24 ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwa chapa ya pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni inchi 20 kwa 13. Ukishuka hadi 3,000 kwa 2,000 bado una inchi 10 kwa karibu 7, na skrini ya 4K yenyewe inahitaji pikseli kama milioni 8.3 tu kati ya zile milioni 24. Kadi ikikaribia kujaa, mimi ningeongeza mbano hatua moja kabla ya kugusa ukubwa. Mbano wa kati ni vigumu kuuona kwa jicho, ilhali pikseli zilizopunguzwa zinakunyima nafasi ya kukata picha baadaye. Mbano mkubwa kabisa achana nao: kingo za nywele na maandishi huzungukwa na uchafu.

Nafasi ya rangi, yaani seti ya rangi ambazo faili inaweza kubeba, haihitaji mjadala mrefu. Kwa JPEG, chagua sRGB, isipokuwa mchapishaji wako amekuomba Adobe RGB. Ukikuta majina ya faili yanaanza na mstari mdogo wa chini, kamera yako iko kwenye Adobe RGB na rangi zitaonekana zimepauka kwenye programu zisizoielewa. Kwa RAW utaamua unapotoa picha.

Ningeviunganisha hivi

Picha za watu kwenye mwanga unaobadilikabadilika: A, ISO otomatiki yenye kiwango cha chini cha 1/250, RAW. Apacha inalinda kina, kiwango cha chini kinalinda dhidi ya kutikisika, RAW inabeba rangi za taa.

Michezo ya mchana: S kwenye 1/1000 na ISO otomatiki, JPEG ya ukubwa wa L. Mwanga umetulia, unachohitaji ni wingi wa picha na kasi. Michezo ya usiku chini ya taa ndiyo ngumu kweli, kwa sababu rangi inayumba na mwanga hautoshi. Hapo ningerudi kwenye RAW na kukubali mfululizo mfupi.

Mandhari ya machweo: A kwenye f/8 au f/11, ISO 100, kamera juu ya tripodi, RAW, na fidia ya −1 ili jua lisiunguze mawingu. Vivuli utavipandisha baadaye. Ukipita f/16 mwanga huanza kutawanyika kwenye tundu dogo na picha nzima inapoteza makali, kwa hiyo usifunge kwa ajili ya kufunga tu.

Nyaraka, bidhaa, picha za kuweka kwenye tangazo: A kwenye f/8, mizani ya weupe iliyopangwa kwa mkono, JPEG ya ukubwa wa M. Kutumia RAW hapa ni kujitafutia kazi.

Na ukijikuta kwenye A unabadilisha apacha na kwenye S unabadilisha shata kila baada ya picha mbili, jaribu modi ya M (ya kupanga kwa mkono) pamoja na ISO otomatiki: unashika apacha na shata, ISO ndiyo inayohangaika. Pentax waliipa nafasi yake kwenye gurudumu kwa jina TAv. Kabla hujaitegemea, hakikisha kwamba kitufe cha fidia bado kinafanya kazi kwenye M ya kamera yako, maana baadhi ya kamera hukizima.